Marehemu Mkurugenzi wa Ustawi

Ilikuwapo nchi, na bado ipo, kwa sababu nchi za namna ile hazina haraka ya kwenda popote. Jina lake silitaji. Lilibadilishwa mara nyingi hata wenyewe wakabaki wanaiita "hapa kwetu" tu. Katika nchi hiyo palikuwa na mji uitwao Kisogoni, na mji huo ulikuwa na halmashauri, na halmashauri ilikuwa na Idara ya Ustawi wa Jamii iliyowapenda wazee mno. Iliwapenda kiasi kwamba haikuthubutu kumpa mzee posho yake kabla ya kupata hakika kwamba yu hai.

Aliyebuni utaratibu huo alikuwa Mkurugenzi wa Ustawi, Bwana Sospeta Ndimbo, mtu mnene wa shingo, mvaaji wa suti za rangi ya maziwa, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi. Kila msimu wazee wa Kisogoni walitakiwa kupanda hadi ghorofa ya nne ya jengo la halmashauri ili wahakikiwe uhai. Lifti ilikuwapo, lakini ilikuwa ya watumishi, kwa kuwa uhai wa watumishi ulikuwa haujatiliwa shaka na mtu yeyote. Huko juu mzee aliulizwa kama yu hai. Akijibu ndiyo, alitakiwa kuleta mashahidi, nao wawe wameshahakikiwa. Kisha aliweka kidole kwenye mashine, na mashine ikatoa neno moja kati ya mawili: YUPO au HAYUPO. Mashine na macho ya watu vikipingana, iliaminiwa mashine, kwa maelezo ya Bwana Ndimbo kwamba mashine haina ndugu. Na kwa kuwa idara ilikuwa na huruma, mgonjwa asiyeweza kufika aliruhusiwa kutofika, ilimradi aje mwenyewe kueleza.

Katika mtaa wa Mlangoni aliishi mwanamke aitwaye Mwantumu Shebuge, mwenye mashine ya kusaga nafaka. Miaka ya kusemeshana na wateja juu ya ngurumo ya mota ilikuwa imempa sauti ambayo majirani waliitumia kama saa. Msimu mmoja alimpeleka mama yake, Bi Hadhara, kuhakikiwa. Walipanda polepole, wakipumzika kila kona. Vidole vya Bi Hadhara vilikuwa vimeshika mpini wa jembe na kusugua masufuria ya watu kwa majivu tangu ujana wake, alama zote zikafutika, vikawa laini kama kijiko. Mashine ikasema HAYUPO. Ofisa, kijana mwenye adabu, akamwomba Bi Hadhara arudi msimu ujao, atakapokuwa yupo.

Walipokuwa wanashuka, Bi Hadhara alikaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili akaomba maji. Mwantumu akahangaika na bomba lililofungwa kwa kufuli. Aliporudi, mama yake alikuwa ameegemea ukuta, viatu amevivua na kuvipanga kando yake vizuri, kama mtu aliyeingia kwa wenyewe. Alikuwa amekwisha kukata roho.

Bwana Ndimbo alikuwa anakwenda kula. Siku hiyo alishuka kwa miguu kwa sababu lifti ilikuwa inapandisha kiti chake kipya. Akasimama, akauliza kuna nini, na yule ofisa akamweleza kwamba mashine ilikuwa imesema HAYUPO. Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mnaona sasa?" akasema. "Mashine ilijua kabla yetu. Bila uhakiki, huyu tungeendelea kumlipa."

Akainua pindo za suruali yake, akampitia Bi Hadhara kwa juu, akaenda kula. Mwaka ule taarifa ya idara ilitaja tukio hilo kama mfano wa mafanikio, bila kutaja jina la marehemu, kwa kulinda heshima yake.

Mwantumu, aliyeweza kumwita mtu aliye ng'ambo ya soko, siku ile hakutoa sauti. Alimzika mama yake, akawalisha waliokuja matangani, akawashukuru mmoja mmoja. Tangu siku ya kuondoa tanga alikuwa na kazi moja tu duniani, na haikuwa kusaga mahindi.

*

Ulipofika uchaguzi, Mwantumu aligombea udiwani. Wagombea wenzake waliahidi daraja, ingawa mtaa wa Mlangoni haukuwa na mto. Mmoja aliahidi na mto. Mwantumu hakuahidi kitu. Alisimama jukwaani akasema mama yake alifia ngazini na kwamba yeye anataka kwenda kwenye jengo lile lile. Kila nyumba pale ilikuwa na mzee aliyewahi kupanda ngazi zile, au aliyewahi kuteremshwa. Wakampa kura, wengine bila kuuliza maswali.

Barazani aliomba kamati ambayo hakuna diwani aliyeitaka, kwa kuwa haikuwa na safari: Kamati ya Kupekua Makadirio ya Ustawi. Sheria iliitaka kamati hiyo ipekue bajeti kabla ya kupitishwa. Mwanasheria wa halmashauri, Bwana Kalikawe, kijana mwembamba aliyeogopa sheria kuliko alivyomwogopa Mungu, aliwahi kutafsiri kwamba kupekua maana yake ni kupindua kurasa. Basi wajumbe walipindua kurasa hadi ya mwisho, mwenyekiti akauliza kama kuna aliyeona ukurasa uliochanika, na wote wakaenda kula biriani. Mwenyekiti alipopata nafasi katika kamati ya safari, kiti kikabaki wazi, na Mwantumu akakikalia.

Msimu wa bajeti ukaja. Bwana Ndimbo akaingia na wasaidizi wa kumbebea makabrasha, akasimama, akakohoa.

"Waheshimiwa," akasema, "ninayo furaha isiyo na kifani kuwatangazia kwamba uzee umeshuka. Wazee waliokuwapo msimu uliopita, msimu huu wamepungua kwa kiwango cha kuridhisha. Tukienda kwa mwendo huu, na Mungu akitujalia, Kisogoni utakuwa mji wa kwanza nchini kulimaliza kabisa tatizo la wazee."

Wajumbe wakapiga makofi. Akaendelea kueleza mapendekezo yake. Uhakiki ufanyike kila mwezi badala ya kila msimu, tena kwenye ghorofa ya tano, ambayo ilikuwa haijajengwa, ila ngazi za kwendea huko zilikuwa zimekwisha anza. Atakayetamkwa HAYUPO asijaribu tena hadi msimu ujao. Gharama zingepatikana kwa kuifunga kliniki ya wazee na kuwaachisha kazi wasaidizi waliokuwa wakiwaogesha wagonjwa majumbani. Alisema kliniki ile ilikuwa inachelewesha takwimu.

Kila mtu alimtazama mwenyekiti mpya, wakijua habari ya mama yake, wakisubiri ile sauti. Mwantumu alisema kwa upole kwamba hajawahi kuona mapendekezo yaliyofikiriwa vizuri namna ile. Alisema kamati yake inayaunga mkono yote, pamoja na ya kliniki. Aliomba rekebisho moja dogo la lugha, tena kwa ajili ya kuongeza uzito. Sheria ilisema "mzee yeyote anayelipwa kutoka Fungu la Ustawi sharti ahakikiwe uhai." Neno "mzee," alisema, lina unyonge ndani yake. Je, haingependeza zaidi isomeke "mtu yeyote"?

Bwana Ndimbo, ambaye hakuwahi kusifiwa na mpinzani, alisimama kuunga mkono. Alisema "mtu" ni neno pana, la kimataifa. Mstahiki Meya, mzee Balozi Kungulio, alimnong'oneza mwanasheria kuuliza kama posho za madiwani hutoka katika fungu hilo. Alipoambiwa hutoka kwingine, akasema hilo rekebisho ni zuri sana. Biriani ilikuwa inapoa. Sheria ikapita kwa makofi, na kesho yake kliniki ikafungwa.

*

Ilichukua muda kidogo watu kutambua kwamba mshahara wa Bwana Ndimbo ulitoka katika Fungu la Ustawi.

Mhasibu alizuia mishahara ya idara nzima mpaka wahusika wahakikiwe. Ndimbo alicheka, akawaita maofisa wake wamhakiki palepale ofisini. Bwana Kalikawe akaja akitetemeka kueleza kwamba maofisa hao nao hulipwa na fungu hilohilo, nao hawajahakikiwa, na asiyehakikiwa hawezi kumhakiki mtu. Akaulizwa, basi ni nani katika mji huu ambaye uhai wake unatambuliwa na sheria? Mwanasheria akapekua, safari hii kwa kweli. Akajibu kwamba ni wazee peke yao, wale ambao mashine iliwakubali msimu uliopita.

Ndivyo wazee wa Kisogoni walivyokuja kukalia meza za ghorofa ya nne. Kwa kuwa sasa walikuwa maofisa, walipanda kwa lifti. Wa kwanza kuketi alikuwa Bi Sikudhani, shoga wa Bi Hadhara tangu usichana, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwahakiki makarani kwa haki kabisa. Mashine ilimkubali huyu, ikamkataa yule, kama ilivyokuwa desturi yake.

Bwana Ndimbo alipanda ngazi siku yake, suti imeloa mgongoni. Kwenye ghorofa ya tatu alimkuta Mheshimiwa Mwantumu anashuka. Mwantumu alimpa mkono, tena kwa mikono miwili, akaukamata na kuupapasa kama mtu anayemwombea mwenzake heri. Mikono ya mtu wa mashine haikosi grisi na unga. Wapo wanaosema alifanya makusudi. Sisi tunaosimulia hatukuwamo ndani ya moyo wake, ila tunajua kwamba asubuhi ile hakunawa.

Bi Sikudhani alimuuliza kama yu hai. Akajibu kwa hasira kwamba yu hai. Akaweka kidole. Mashine ikawaza, ikasema HAYUPO. Akaweka kingine, nacho hivyohivyo. Alifuta mkono kwenye koti lake la rangi ya maziwa, lakini sheria iliruhusu vidole viwili tu. Aliyeweka kikomo hicho ni yeye, ili kuokoa muda. Alipiga meza akisema kwamba mama huyu anamwona kwa macho yake.

"Nakuona, baba," Bi Sikudhani akasema. "Lakini macho yangu mimi yana ndugu. Rudi msimu ujao."

*

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka, jambo ambalo ni nadra katika nchi ile. Jina la Ndimbo likaondolewa mlangoni. Msaidizi wake akahamia kwenye kile kiti. Nyumba ya serikali ikarudishwa, na mkewe, ambaye alikuwa amewapikia wageni wa rambirambi kwa siku kadhaa huku mumewe akiwafungulia mlango, akachoka, akaenda kwao. Ndimbo alikwenda mahakamani. Hakimu akamwambia mahakama ile haisikilizi marehemu, labda aje na msimamizi wa mirathi. Halmashauri ikamfanyia ibada ya kumbukumbu. Meya alihutubia kwa machozi kwamba pengo lake halitazibika, na Ndimbo alipoinuka kupinga kutoka safu ya nyuma, aliombwa awaheshimu wafiwa.

Mwantumu alihudhuria ibada hiyo. Alikaa mbele. Tuseme ukweli, alifurahi. Kila habari mpya ya Ndimbo aliisikiliza taratibu, kama mtu anayenyonya uboho. Alipoambiwa marehemu analala kwenye stoo ya shemeji yake, aliuliza kama stoo hiyo inavuja.

Ndipo Bi Sikudhani alipokuja pale mashineni. Hakuleta mahindi. Alisubiri Mwantumu azime mota, akamwambia kwamba Mzee Ngwale, jirani yao, amekatwa mguu. Alikuwa na kidonda ambacho kliniki ilikuwa inakisafisha. Kliniki ilipofungwa, kikaoza.

"Wewe ndiye uliyeifunga, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimekaa pale nyuma siku ile. Nilikusikia ukisifu."

Mwantumu akajibu kwamba bila kusifu, Ndimbo asingelimeza lile neno.

"Najua. Na mimi nilicheka aliposhindwa na mashine, nikacheka mpaka nikajikojolea. Hadhara alikuwa shoga yangu kabla hujazaliwa. Lakini sisi bado tunapanda, Mwantumu. Ile lifti ni yetu sisi tulio mezani. Wenzetu wanapanda, kila mwezi sasa. Futa uhakiki. Umekwisha kumpata mtu wako."

Hofu ya Mwantumu ilikuwa moja: uhakiki ukifutwa, Ndimbo atafufuka. Kesho yake alikwenda kwa Bwana Kalikawe kumuuliza. Mwanasheria akamweleza kwamba ni kinyume chake. Uhakiki ukifutwa leo, wazee wote watalipwa bila kuulizwa kitu, hata waliotamkwa HAYUPO, ikiwa hoja itasema hivyo. Lakini Ndimbo si mzee. Kwa aliyekwisha tamkwa HAYUPO ilhali si mzee, hakutakuwa tena na meza wala mashine ya kumtamka YUPO. Kama Mheshimiwa anataka kumhurumia, alisema, asubiri msimu ujao Ndimbo apite kwanza kwenye mashine, ndipo aulete huo muswada.

Mwantumu alimwomba arudie. Akarudia.

Alirudi nyumbani akiwa mzito. Kusubiri msimu kulimaanisha wazee waendelee kupanda. Hata hivyo alimfikiria yule mtu katika stoo ya shemeji, na mkewe aliyekwenda kwao, na akaona kwamba amechoka kumchukia. Chuki nayo hula chakula chako. Alianza kupiga hesabu ya namna ya kumpitisha Ndimbo mapema, siku moja kabla ya kikao, mkono umenawishwa kwa sabuni.

Huenda ingekuwa hivyo kama Ndimbo mwenyewe asingekuja.

Alikuja mchana, suti ile ile imegeuka rangi ya chai. Aliketi juu ya gunia la pumba bila kukaribishwa, akasema hana nguvu tena za kupigana, amekuja kuuliza jambo moja. Yeye na Mheshimiwa hawakuwahi kugombana. Amemkosea nini?

Mwantumu alikuwa amelisubiri swali hilo tangu siku ya ngazini. Alimweleza. Alimtajia jina la mama yake, msimu, ghorofa, viatu vilivyopangwa kando, kiti kipya ndani ya lifti. Alimrudishia maneno yake neno kwa neno. Alisema kwa sauti ya chini.

Bwana Ndimbo alisikiliza kwa makini. Hakuwa anaigiza, alikunja uso, akatazama juu, akajitahidi kweli kukumbuka. Kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema. "Kwenye zile ngazi walianguka wengi."

Mwantumu akainuka, akamwambia aende, kwa kuwa ana muswada wa kuandika.

*

Kikao kilikuja kabla ya wiki kwisha. Mwantumu alisimama na hoja yake: uhakiki wa uhai ufutwe leo hii, wazee wote wa Kisogoni, waliotamkwa YUPO na waliotamkwa HAYUPO, walipwe dirishani, chini, kwenye kivuli, ghorofa ya tano isijengwe, fedha zake ziifungue kliniki. Safari hii aliitumia sauti yake yote. Wajumbe waliokuwa wamesinzia waliamka wakidhani jengo linaanguka, wakaunga mkono.

Kutoka safu ya nyuma Ndimbo aliruka juu. Alikuwa amekwisha elewa. Alipaza sauti kwamba hata yeye ni mzee, ana mvi, ana wajukuu, aingizwe kwenye hoja hiyo pamoja na wenzake.

Mstahiki Meya akamtaka mwanasheria atoe mwongozo. Bwana Kalikawe akafungua kumbukumbu za utumishi. Umri wa Bwana Ndimbo ulikuwa umepunguzwa mara kadhaa, kwa maombi yake mwenyewe, ili asistaafu. Meya akavaa miwani, akasoma, akainuka kwa heshima zote.

"Waheshimiwa, kumbukumbu zinaonyesha kwamba marehemu alifariki akiwa kijana," akasema. "Na kwa kadiri ninavyofahamu, marehemu hazeeki. Tusimame kwa dakika moja."

Baraza zima likasimama kimya. Ndimbo naye akasimama, maana alikuwa amekwisha simama tayari. Kisha hoja ikapita.

Sasa wapo wasikilizaji wenye roho nzuri wanaopenda habari ziishe kwa msamaha, nao wamenijia mara nyingi kuniuliza kama Mwantumu hakumwonea huruma baadaye. Mimi husema niliyoyaona. Wazee wa Kisogoni hulipwa dirishani. Kliniki imefunguliwa, ingawa mguu wa Mzee Ngwale haukurudi, na Mwantumu humsagia mahindi yake bure mpaka leo bila kusema kwa nini. Mama yake hakurudi pia.

Bwana Ndimbo bado yupo pale mjini, yaani hayupo. Huonekana sokoni akichagua nyanya, na wauzaji humwuzia kwa sauti ya chini kama inavyostahili kwa mtu aliyefiwa na nafsi yake. Siku moja alikwenda mashineni na kimfuko cha mahindi. Akasimama mlangoni, akabisha hodi. Akabisha tena. Akasema habari za kazi, Mheshimiwa, akasema ni mimi Sospeta.

Mwantumu alikuwa ameketi kwenye kigoda akifagia unga wa pembeni ya mashine. Akainua uso, akaelekeza sikio mlangoni, akakunja kipaji cha uso.

"Sisikii," akasema.

Akarudi kufagia. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Mota imenyamaza, mtaa mzima umetulia, na unaweza kusikia hata kuku wakidonoa pumba nje.